William Holden, kutoka Hollywood hadi Nanyuki: maswali ninayoulizwa kila mara

Nikigusia sinema za zamani tu, lazima mtu aulize habari za William Holden. Wengine wamemwona kwenye filamu ya vita yenye ule mluzi maarufu. Wengine wamelisikia jina lake walipotembelea wanyama Nanyuki. Na wapo wanaodhani hao ni watu wawili. Ni mtu mmoja. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, nisije nikayajibu upya kila wiki.

Alikuwa nani hasa?

Mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa tarehe 17 Aprili 1918 na kufariki Novemba 1981. Nafasi yake kubwa ya kwanza aliipata mwaka 1939, na filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka uleule aliofariki. Alichukua Oscar moja kwa sinema na Emmy moja kwa televisheni. Mwaka 1956 wenye kumbi za sinema Marekani walipoulizwa ni nyota gani anayewajazia viti, yeye ndiye aliyeshika namba moja, mbele ya kina John Wayne na James Stewart.

Kwa sura alikuwa kijana ambaye mama yeyote angefurahi akija kumposa binti yake: mrefu, nadhifu, tabasamu tayari. Lakini nafasi zake nzuri zote ni za mtu anayejua kwamba tabasamu hilo ni la kuuzia. Ukimtazama machoni unaona amechoka na jambo ambalo hataki kulisema. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo utamu wake, na ndiyo sababu filamu zake hazijachuja kama za wenzake waliokuwa wazuri wa sura tu.

Holden ni jina la nyumbani?

Hapana. Alizaliwa William Franklin Beedle, katika mji mdogo wa O'Fallon, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa mkemia wa viwandani, mama yake mwalimu. Familia ilihamia South Pasadena, California, akiwa bado mtoto mdogo. Wakubwa wa studio ya Paramount walipolisikia jina Beedle walisema linafanana na jina la mdudu, wakambatiza upya. Lile Holden lilitoka wapi? Kuna hadithi kadhaa, hazipatani, na mimi siingilii ugomvi huo.

Aliingiaje kwenye sinema?

Kwa mlango wa kuchekesha kidogo. Akiwa mwanafunzi wa chuo Pasadena aliigiza mchezo wa jukwaani kuhusu mwanasayansi Marie Curie. Hakupewa nafasi ya kijana. Alimcheza baba mkwe, mzee wa miaka 80, kapakwa vipodozi na kubandikwa ndevu. Mtu wa Paramount aliyekuwa akisaka vipaji alimwona hivyo hivyo, akaona kuna kitu chini ya zile ndevu.

Halafu ikaja *Golden Boy*, mwaka 1939. Ni hadithi ya kijana anayepiga fidla vizuri lakini anaingia kwenye ndondi kwa ajili ya pesa. Holden alikuwa na miaka 21, hajui fidla, hajui ndondi, na mbele ya kamera alikuwa anatetemeka. Siku za mwanzo zilikwenda vibaya hata studio ikataka kumtoa. Aliyemwokoa ni Barbara Stanwyck, nyota wa kike wa filamu hiyo, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa. Alikataa asifukuzwe, kisha baada ya kazi akawa anakaa naye kumfundisha mistari yake, tukio kwa tukio. Hakuwa na wajibu wowote wa kufanya hivyo.

Holden hakusahau. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kuanza kwa filamu ile, alimtumia Stanwyck maua. Na mwaka 1978, walipopanda pamoja jukwaani kwenye Oscar kutoa tuzo ya sauti, aliacha maandishi aliyopewa asome, akaueleza ukumbi mzima kwamba bila mwanamke huyu asingekuwapo pale. Stanwyck hakuwa ameambiwa chochote. Itafute picha ya video ya tukio hilo, uutazame uso wake.

Mbona miaka ya 1940 hasikiki sana?

Vita. Alijiunga na jeshi la anga la Marekani mwaka 1942, akafanya kazi katika kitengo kilichotengeneza filamu za mafunzo ya askari. Mdogo wake Robert alikuwa rubani wa ndege za kivita za jeshi la majini, akauawa katika mapambano huko Pasifiki Januari 1944. Mmoja yuko California akiigiza vita, mwingine anakufa vitani.

Aliporudi, studio zilimpa nafasi za kijana mwema asiye na dhambi. Alizicheza kwa miaka kadhaa, na hata yeye zilimchosha.

Nini kilibadilisha mambo?

*Sunset Boulevard*, mwaka 1950, ya mwongozaji Billy Wilder. Kama utaona filamu moja tu ya Holden, nakuomba iwe hii.

Nafasi haikuwa yake. Ilikuwa ya Montgomery Clift, ambaye alijitoa muda mfupi kabla ya kamera kuanza kuzunguka. Holden akaitwa. Anacheza Joe Gillis, mwandishi wa filamu aliyefilisika, anayewakimbia watu waliokuja kumnyang'anya gari lake la mkopo. Anakata kona, anaingia kwenye ua wa jumba kuu lililoota magugu. Ndani anaishi Norma Desmond, nyota wa filamu zisizo na sauti aliyesahauliwa na ulimwengu, ambaye hajakubali kwamba amesahauliwa. Joe anakaa. Anavalishwa, analishwa, ananunuliwa saa na vifungo vya dhahabu vya mikono ya shati. Anajua amekuwa nini, na sisi tunajua kwamba anajua.

Filamu inaanza na maiti yake ikielea ndani ya bwawa la kuogelea, na anayetusimulia ni huyo huyo marehemu. Kamera inamtazama kutoka chini ya maji: uso chini, macho wazi, na juu yake askari na wapiga picha wamesimama ukingoni. Siku hizo kupiga picha safi kutoka chini ya maji ilikuwa shida, kwa hiyo waliweka kioo kwenye sakafu ya bwawa na kuipiga ile taswira iliyoakisiwa. Yaani unachokiona si Holden, ni kivuli chake kwenye kioo. Kwa filamu inayohusu Hollywood, sijui mfano bora zaidi ya huo.

Na mwanzo huo haukuwa wa kwanza kufikiriwa. Awali filamu ilianzia chumba cha maiti, marehemu wakiongea wao kwa wao kila mmoja akieleza alivyokufa. Walipoionyesha kwa majaribio watu waliangua kicheko, Wilder akaikata sehemu yote.

Holden aliteuliwa kugombea Oscar, hakupata.

Oscar aliipata kwa filamu gani?

*Stalag 17*, ya Wilder tena, mwaka 1953. Kambi ya mateka wa vita Ujerumani, na ndani yake kuna msaliti. Wote wanamshuku Sefton, aliyechezwa na Holden, kwa sababu anafanya biashara na walinzi, anaendesha kamari ya mbio za panya, anakula mayai wakati wenzake wanakunywa supu ya maji. Holden hakumpenda mtu huyo. Alitaka aandikiwe angalau mstari mmoja unaoonyesha anawachukia Wanazi, Wilder akakataa katakata. Nashukuru alikataa, maana Sefton angekuwa mwema angekuwa mtu wa kawaida.

Hotuba yake ya kupokea tuzo, Machi 1954, ni kati ya fupi zaidi katika historia ya Oscar: asante, asante, basi. Si kwa unyenyekevu. Matangazo ya televisheni yalikuwa yamebakiza muda mchache na yeye alikerwa, hata akanunua nafasi magazetini baadaye ili awashukuru watu aliotaka kuwashukuru.

Ni kweli alikuwa na uhusiano na Audrey Hepburn?

Ndiyo, walipokuwa wakipiga *Sabrina*, iliyotoka mwaka 1954. Holden alikuwa na mke, mwigizaji Brenda Marshall, waliyefunga ndoa mwaka 1941, na watoto watatu, mmoja akiwa binti wa Brenda kutoka ndoa yake ya awali. Hepburn alitaka watoto kuliko kitu chochote. Holden alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa kufunga uzazi. Alipomweleza hilo, mambo yakaishia hapo. Ndoa ya Holden na Brenda iliendelea kwa kuachana na kurudiana hadi talaka ya mwaka 1971.

Na ile ngoma ya *Picnic*?

Nayo iliulizwa sana mwezi uliopita, sijui kwa nini. Filamu ni ya mwaka 1955, naye ana miaka 37 anacheza kijana anayezurura mijini bila kazi. Alijiona mzee kwa nafasi hiyo, na kucheza dansi kulimtia hofu ya kweli. Yeye na Kim Novak hawafanyi mengi: wanapiga makofi taratibu, wanasogeleana. Tukio hilo limewazidi wacheza dansi wengi wa kulipwa. Ajabu ni kwamba mwoga huyu wa dansi alikuwa na mchezo wa kuning'inia nje ya madirisha ya hoteli kwa mikono, ili kuwatisha rafiki zake tu.

Nimesikia filamu ya *The Bridge on the River Kwai* ilimtajirisha. Ilikuwaje?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ni hesabu ambayo mtu yeyote wa biashara atafurahia.

Filamu ilipigwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ikatoka mwaka 1957. Inahusu mateka wa Uingereza wanaolazimishwa na Wajapani kujenga daraja la reli iendayo Burma. Kwa Afrika Mashariki jina la Burma si geni: askari wetu wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipelekwa huko, na katika familia nyingi yupo babu aliyerudi na masimulizi ya mvua na msitu. Niliiona filamu hii kwanza kwa kanda ya video kwa mjomba wangu, na kila mluzi ulipoanza aliinuka kidogo kwenye kiti.

Holden alikuwa nyota mkubwa wakati mwongozaji, David Lean, hakuwa bado na filamu kubwa ya namna hiyo. Kwa hiyo alikuwa na nguvu ya kudai. Badala ya malipo ya mkupuo pekee, mkataba ulimpa asilimia 10 ya mapato, lakini alipwe si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Nia ilikuwa kukwepa kodi. Ukipokea mamilioni mwaka mmoja, serikali ya Marekani wakati huo ilichukua sehemu kubwa mno. Ukipokea kidogo kidogo, unabaki na chako.

Filamu ikavunja rekodi, ikazoa Oscar saba. Fungu la Holden likakua hadi mamilioni, na bado anapokea 50,000 zake kwa mwaka. Kilichobaki kilikaa mikononi mwa studio, kikiizalia studio faida. Wapo wanaoucheka mkataba ule. Mimi sicheki: mtu aliyejijua kuwa ana mikono inayovuja alijiwekea pensheni.

Miaka miwili baadaye, kwa *The Horse Soldiers*, yeye na John Wayne walilipwa dola 750,000 kila mmoja pamoja na sehemu ya faida. Mwaka huohuo wa 1959 alihamishia makazi yake Uswisi, tena kwa sababu ya kodi, na wengi Hollywood walimnunia.

Televisheni je? Wasifu wake unataja sinema tu.

Alichelewa kuiingia, lakini alipoingia aliingia vizuri.

Kabla ya hapo kuna kituko kimoja ambacho Wamarekani hawajakisahau. Februari 1955 alijitokeza kama yeye mwenyewe katika kichekesho cha *I Love Lucy*. Lucy anamwona mgahawani, anamkodolea macho anapokula. Holden, amechoka kutazamwa, anageuza kiti na kuanza kumkodolea yeye. Jaribu kula tambi huku nyota wa sinema anahesabu kila uzi unaoingia mdomoni. Lucy anakimbia, na katika kukimbia anasababisha sinia la vyakula kummwagikia Holden. Baadaye mume wa Lucy, bila kujua, anamkaribisha Holden hotelini walikofikia. Lucy anajifunika kilemba, anavaa miwani na kujibandika pua ya bandia ili asitambulike. Anapowasha sigara, pua inashika moto. Uso wa Holden akiiona ile pua ikiwaka ni darasa zima: hapigi kelele, hacheki, anashangaa tu kwa adabu.

Kazi yake kubwa ya televisheni ni *The Blue Knight*, iliyoonyeshwa na kituo cha NBC kwa usiku nne mfululizo, Novemba 1973. Alimcheza Bumper Morgan, askari polisi wa doria wa Los Angeles anayetembea kwa miguu mtaa wake wa miaka yote, siku chache kabla ya kustaafu. Kitambi kimetoka, miguu inauma, anajua kila muuza duka na kila kibaka kwa jina. Ilimpa Emmy. Wakati huo nyota wa sinema kufanya televisheni kulionekana kama kushuka daraja. Mwaka 1976 alicheza pia mkuu wa polisi wa Munich katika filamu ya televisheni kuhusu utekaji wa wanamichezo wa Israeli kwenye Olimpiki ya 1972.

Na mwaka huohuo wa 1976, kwenye sinema, alicheza *Network*, ambamo yeye ndiye mkuu wa habari wa kituo cha televisheni anayetazama kazi yake ikigeuzwa sarakasi. Aliteuliwa kugombea Oscar kwa mara ya tatu. Akashindwa na mwenzake wa filamu hiyohiyo, Peter Finch, aliyefariki Januari 1977 kabla ya sherehe.

Alifikaje Kenya?

Alikuja miaka ya 1950 kama Wamarekani wengi wenye pesa walivyokuja: safari, bunduki, picha na mnyama aliyelala. Mji wa Nanyuki ukamnasa. Mwaka 1959, pamoja na Ray Ryan, mfanyabiashara wa mafuta na mcheza kamari, na Carl Hirschmann, mwenye benki wa Uswisi, alinunua hoteli ya Mawingo chini ya Mlima Kenya. Wakaigeuza Mount Kenya Safari Club, klabu ya wanachama. Majina ya Winston Churchill na Bing Crosby yalikuwa kwenye orodha ya mwanzo. Mstari wa ikweta unapita ndani ya eneo lake.

Tusipake rangi. Mwaka 1959 Hali ya Hatari, iliyowekwa na Waingereza kupambana na Mau Mau, ilikuwa haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Nanyuki ilikuwa ndani ya nyanda walizojitengea walowezi, na Jomo Kenyatta alikuwa bado amezuiliwa kaskazini. Klabu ya matajiri wa dunia kufunguliwa hapo, kwenye mteremko wa mlima ambao Wakikuyu wanaomba wakiuelekea, ni jambo ambalo Mkenya ana haki ya kulitazama kwa jicho lake. Vipeperushi vya watalii huruka ukurasa huo.

Ray Ryan naye aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake, Evansville, Indiana, Oktoba 1977. Siku nyingine nitamwandikia makala yake.

Mawingo au Mawingu?

Jina la nyumba ni Mawingo, na ndiyo, ni mawingu yetu yaliyopindishwa na ulimi wa mgeni. Ilijengwa miaka ya 1930 kama nyumba ya watu binafsi, ikawa hoteli baada ya vita. Ukifika asubuhi ukautafuta mlima usiuone, utaelewa waliitaje hivyo.

Kuna filamu yake aliyoipigia Kenya?

*The Lion*, ya mwaka 1962. Holden ni wakili wa Marekani anayekuja kumtazama binti yake, anayelelewa na mama yake na baba wa kambo, msimamizi wa hifadhi. Mtoto amefanya urafiki na simba dume. Mandhari ni nzuri kweli. Hadithi yenyewe inawatazama Waafrika kama sehemu ya mandhari hiyo, mila yao ikiwa pale ili kuleta hatari tu. Itazame kwa ajili ya nyika na milima ya mwaka ule. Holden mwenyewe hayuko kwenye ubora wake.

Alikuwa mwindaji au mhifadhi?

Alianza kama la kwanza akaishia la pili. Mwaka 1967, yeye na Don Hunt, Mmarekani aliyewahi kuwa na kipindi cha wanyama cha televisheni huko Detroit, wakishirikiana na Julian McKeand, walianzisha Mount Kenya Game Ranch, pembeni ya klabu. Wazo lilikuwa kufuga na kuzalisha wanyama wa porini badala ya kuwapiga risasi, na kuwatunza wale waliookotwa yatima au majeruhi.

Mnyama aliyeipa sifa ranchi ile ni bongo wa mlimani. Kama hujawahi kumwona, usijilaumu. Wengi wanaoishi chini ya mlima huo hawajamwona. Ni swala mkubwa wa rangi ya kahawia inayowaka, amechorwa mistari myeupe myembamba kama mtu aliyempitishia brashi ya chokaa kutoka mgongoni kwenda chini. Dume na jike wote wana pembe. Hukaa msituni kwenye mianzi, anatoka usiku, ana masikio mapana yanayosikia unyayo wako kabla hujajua yupo. Leo porini inakadiriwa hawafiki 100, wote Kenya: Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa katika bustani za wanyama za Marekani walirudishwa kwa ndege hadi Nanyuki ili kuzalisha kundi jipya. Bustani hizo zilikuwa zimepata mbegu yake kutoka milima hii hii miongo kadhaa kabla. Mnyama alikwenda ughaibuni, wajukuu wakarudi nyumbani.

Kuna habari ya ajali Italia.

Ipo na ni ya kweli. Mwaka 1966 alikuwa akiendesha gari lake aina ya Ferrari kwenye barabara kuu karibu na Pisa, amekunywa, akaligonga gari dogo na dereva wake akafariki. Mahakama ya Italia ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miezi minane, kikasimamishwa, asiingie jela. Rafiki zake walisema alibeba jambo hilo hadi mwisho. Familia ya marehemu nayo ilibeba la kwake.

Pombe ilianza lini?

Mapema. Watu waliofanya naye kazi wanasimulia mtu aliyekuwa na hofu kabla ya kila tukio gumu, na glasi moja ya kutuliza mikono. Glasi ikawa chupa. Kulikuwa na vipindi aliacha kabisa, hasa miaka ya mwanzo ya uhusiano wake na mwigizaji Stefanie Powers, na kulikuwa na kurudi nyuma. Ukimtazama kwenye *The Wild Bunch* ya mwaka 1969, ana miaka 51 na uso wa mtu wa 60. Mwongozaji Sam Peckinpah hakuuficha uso huo. Pike Bishop, kiongozi wa majambazi ambaye hawezi hata kupanda farasi bila mguu kumsaliti, ni nafasi iliyomngoja hadi akazeeka kiasi hicho.

Alikufaje?

Peke yake, nyumbani kwake Santa Monica, katikati ya Novemba 1981. Alikuwa amelewa. Aliteleza kwenye zulia, paji la uso likagonga kona ya meza ya kitandani. Jeraha lilivuja damu nyingi. Mpasuaji maiti wa Los Angeles alieleza kwamba alikuwa na fahamu kwa muda, na alijaribu kuizuia damu kwa karatasi laini. Simu ilikuwa karibu, hakuinua. Maiti iligunduliwa tarehe 16, siku kadhaa baadaye. Alikuwa na miaka 63.

Machi iliyofuata, Stanwyck alipewa Oscar ya heshima. Akamtaja Holden mbele ya wote, kwamba alimpenda na anamkosa, na kwamba siku zote Holden alitamani Stanwyck apate tuzo hiyo. Alimwita kijana wake wa dhahabu, yaani "golden boy", jina la filamu yao ile.

Ni kweli alimsimamia Rais Reagan harusi?

Kweli. Machi 1952, Ronald Reagan alipomwoa Nancy Davis katika kanisa dogo Los Angeles, wasimamizi walikuwa Holden na mkewe Brenda. Siku hiyo mume na mke hao walikuwa wamegombana, inasimuliwa walikaa pande mbili za kanisa.

Nianze na filamu zipi?

*Sunset Boulevard*, halafu *Stalag 17*, halafu uruke moja kwa moja hadi *The Wild Bunch* na *Network*. Hapo utakuwa umemwona akiwa na miaka 32 na akiwa na 58, na utaelewa kwa nini sihangaiki sana na zile za katikati zenye mahaba. *Paris When It Sizzles* unaweza kuiacha kabisa. Hata Audrey Hepburn hakuiokoa.

Stefanie Powers ana uhusiano gani na Nanyuki?

Walikuwa pamoja miaka ya 1970, wakasafiri naye Kenya mara nyingi. Baada ya kifo cha Holden, Powers, ambaye wakati huo alikuwa anang'ara kwenye tamthilia ya *Hart to Hart*, alianzisha wakfu wa William Holden Wildlife Foundation mwaka 1982. Wakfu huo ulijenga kituo cha elimu karibu na ranchi, na wanaoingia humo zaidi ni wanafunzi wa shule za Kenya, wanaojifunza habari za wanyama, maji na misitu. Wengi wao hawajawahi kuona filamu yake hata moja.

Kaburi lake liko Nanyuki?

Hapana, ingawa nimeulizwa hata na mtu wa Nyeri aliyeapa kwamba ameliona. Hakutaka mazishi wala ibada. Mwili ulichomwa, majivu yakamwagwa Bahari ya Pasifiki.